Ondokeo, Hati na Muhuri

Tangu mkesha wa Noeli wa 2024 hadi Epifania ya 2026, Jubilei ya Kanisa Katoliki ilikuja kwa Kiswahili ikiwa na jina tamu: Mahujaji wa Matumaini. Jubilei imepita, neno limebaki. Leo mtu wa Kutus, Kirinyaga, akisema anakwenda hija Gikondi, hakuna anayedhani amechanganya dini. Anajulikana anakwenda alikotumikia Mwenye Heri Irene Stefani, yule mtawa wa Consolata ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma.

Lakini hija ni neno lenye ukoo mkubwa, na sisi tumelikaribisha peke yake. Mtu huyo wa Kutus, kabla hajafunga kamba za viatu, ana maswali mawili: aanzie wapi, na ashike karatasi gani. Hapo ndipo tunapoanza kugugumia. Pa kuanzia tunapaita "mahali pa kuanzia", maneno matatu yasiyo na rangi wala ladha. Karatasi nayo kila mtu anaiita kivyake, na wengi wanamalizia kwa Kiingereza. Wewe msomaji ni mlinzi mwenzangu wa lugha hii. Njoo tuyapime majina tuliyo nayo, moja baada ya jingine, tuone lipi linafaa kuwekwa mdomoni mwa mtu anayetembea.

Tuanze na hija yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyoshika mlango. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kukusudia, kuelekea mahali kwa nia. Kwa hiyo ndani ya neno lenyewe hamna miguu, hamna ngamia wala ndege. Mna nia tu. Ndiyo maana aliyekwenda Makka kwa ndege ni haji sawasawa na babu yake aliyekwenda kwa jahazi. Sisi tunaotaka kusema habari za kutembea inatubidi tuongeze: hija ya miguu. Nyongeza hiyo isidharauliwe. Bila yake tangazo la parokia halijaeleza kama watu walete viatu au nauli.

Hujaji nalo lina kisa chake. Kwa Kiarabu ni wingi tayari. Mmoja ni haji. Kiswahili kikauchukua wingi huo kikaufanya mtu mmoja, kisha kikamtafutia wingi wa pili: mahujaji. Wapo wanaoona haya kwa jambo hili na kutaka turekebishe. Mimi sioni kosa. Malaika pia ni wingi huko alikotoka, na hapa kwetu malaika mmoja anashuka bila mtu kulalamika. Lugha inayokopa ina haki ya kukishona upya ilichokopa. Hujaji na mahujaji yabaki kama yalivyo.

Ziara ndilo neno ninaloliona limeonewa. Waislamu wa pwani hutofautisha kwa makini: Makka huendewa hija, na kaburi la Mtume kule Madina hufanyiwa ziara. Vivyo hivyo wanaokwenda Lamu wakati wa Maulidi, Msikiti wa Riyadha na kaburi la Habib Swaleh, hawasemi wamehiji. Wamezuru. Kwa kipimo hicho, anayekwenda Mathari, Nyeri, alikozikwa Sista Irene baada ya kufariki tarehe 31 Oktoba 1930, anafanya ziara kwa maana kamili ya neno. Bahati mbaya wanasiasa wameikamata ziara wakaivisha koti: ziara ya kikazi, ziara ya siku tatu, ziara ya waziri. Ukiwaambia watu wa Kerugoya kwamba kuna ziara wiki ijayo, watauliza ni nani anakuja kuzindua nini.

Hata hivyo kitenzi hakijachafuka. Kuzuru kaburi, kuzuru pahali patakatifu: hayo bado yana utulivu wake. Pendekezo langu ni kwamba hija iwe jina la safari nzima, na kuzuru kuwe ni lile tendo la mwisho, la kufika na kusimama mbele ya kilichokuleta. Mtu ahiji siku mbili barabarani, azuru saa moja kanisani. Maneno mawili, kila moja na kazi yake, na tunawaachia Waislamu tofauti waliyoilinda karne nyingi badala ya kuivuruga.

Kabla hatujaacha kutembea, hebu sikiliza kutembea kwenyewe. Bara ya Kenya mtu akifika kwako akasema "nimekuja kutembea", maana yake amekuja kukuona. Ongeza kauli ya kutendea upate kutembelea, na sasa miguu na ugeni vimekuwa kitu kimoja kabisa. Hakuna Mwarabu aliyetuletea hilo. Kiswahili, kwa akili yake ya Kibantu, kiliamua zamani kwamba kumtembelea mtu ni kumfikia kwa hatua. Nimeona lugha chache zilizoiweka hija nzima ndani ya kiambishi kimoja kidogo namna hii. Nisingependa jina hija liondoke, lakini mhubiri anayetafuta namna ya kueleza kwa nini watu watembee na magari yapo, neno lake liko hapa.

Sasa tuje kwenye pa kuanzia.

Kutus watu huanzia steji. Hilo ndilo neno lao na ni neno zuri la kazi: steji ya Kerugoya, steji ya Kagio, steji ya Mwea. Mtanzania atasema stendi. Ofisi itaandika kituo cha mabasi. Steji lakini ni pa kungoja gari, na ukimwambia mtu "hija inaanzia steji" ameshatia mkono mfukoni kutafuta nauli. Neno linalobeba injini ndani yake halimfai anayeiacha injini nyuma.

Mwanzo ni la wakati kuliko la mahali. Limekaa pia kwenye ukurasa wa kwanza wa Biblia na halibanduki. Chanzo limehamia kwenye sababu na asili: chanzo cha ajali, chanzo cha mto, chanzo cha habari. Kianzio ni safi kisarufi, ila linanikumbusha hesabu na mitambo.

Chimbuko ni jingine kabisa, nalo litufundishe kutofautisha. Chimbuko ni pale kitu kilipotokeza kikaonekana. Historia ya Ukatoliki wa nchi hii ya mlima ina chimbuko lake, na linajulikana: Tuthu, Murang'a, walipofika wamisionari wa Consolata mwishoni mwa Juni 1902 kwa Karuri wa Gakure. Kutus, ikiwa ndani ya jimbo lile lile la Murang'a, inaweza kupanga hija yake ianzie Tuthu ili mahujaji wafuate mkondo wa imani yao kutoka ulikobubujika hadi Nyeri. Hiyo ni kuanzia kwenye chimbuko. Inaweza pia kuanzia mlangoni pa kila mmoja. Hiyo si kuanzia kwenye chimbuko, na inadai jina lake.

Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu kuna neno ambalo wapenzi wa lugha wengi wa bara hawalijui na ambalo Waislamu wanalo siku zote: mikati. Mikati ni mipaka iliyowekwa kuizunguka Makka. Hujaji haruhusiwi kuipita bila kuhirimia, yaani kuvaa vazi la ihramu na kutia nia. Ni mitano: Dhul Hulaifa kwa watu wa Madina, Yalamlam kwa watokao Yemeni, na Juhfa, Qarn al-Manazil na Dhat Irq kwa wa pande nyingine. Hakuna anayejichagulia. Unakotoka ndiko kunakokuamulia.

Na mzizi wake ni upi? Ni ule ule wa wakati. Ndiyo, wakati huu tunaoupoteza kila siku na mikati ile ni ndugu wa tumbo moja. Kiarabu kimechukua wazo la kitu kilichopangiwa na kukipa mahali kwa upande mmoja, saa kwa upande mwingine. Mikati basi ni mahali palipopangwa, kama vile wakati ni saa iliyopangwa. Nikilitazama neno hili nasikia wivu. Lakini siwezi kulichukua. Mikati ni sharti la ibada ya wenyewe, na kuliita kanisa la Karatina "mikati" kungekuwa kuazima vazi la mtu siku ya arusi yake. Tulijue, tulithamini, tuliache lilipo.

Isitoshe, wazo letu ni tofauti. Njia za Wakristo mara nyingi hazina mpaka wa kuanzia. Anayekwenda Santiago de Compostela, Hispania, anaweza kuondoka Saint-Jean-Pied-de-Port ng'ambo ya Pirenei na kutembea zaidi ya mwezi, au akaondoka Sarria na kumaliza kwa wiki. Desturi ya huko imezingatia masafa, angalau kilomita 100 kwa mguu au 200 kwa baiskeli, bila kumwambia mtu mlango wa kutokea. Wanaokwenda Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda kila tarehe 3 Juni hutoka kokote Uganda na ng'ambo ya mipaka yake, pamoja na Kenya. Mtu wa Kutus anayekwenda Gikondi anaweza kuanzia Kutus na kupita Kerugoya, Kagumo na Karatina, au, kama magoti hayamruhusu, akafika Karatina kwa matatu na kuanza kutembea hapo. Kinachohitaji jina ni mahali pa kuchaguliwa.

Neno langu ni ondokeo.

Tazama linavyotoka. Kuondoka leo ni kuacha mahali. Wazee waliotulea walilitumia pia kwa kuinuka ulipokaa: ondoka ulipo, kaa hapa. Kumwondokea mtu ni kumsimamia kwa heshima aingiapo. Kijana anayemwondokea mzee ametunzwa nyumbani. Kisha kuna kuondokea kwa maana ya kukua ukawa kitu: ameondokea kuwa mwalimu hodari. Kuacha, kuinuka kwa heshima, kukua: vitatu vyote vimo katika kitenzi kimoja cha Kibantu tulicho nacho bure. Hujaji anaacha nyumba, anainuka kwa ajili ya mkubwa wake, na anatumaini kurudi akiwa ameondokea kuwa mtu mwingine. Ondokeo la hija. Maondokeo ya hija. "Ondokeo letu ni Kutus, la wazee ni Karatina." Linasemeka. Lijaribu mdomoni.

Viwanja vya ndege vimeshaturahisishia kazi kwa kuweka "kuondoka" na "kuwasili" kwenye mabango, kwa hiyo sikio la msomaji halitashtuka sana.

Karatasi ndiyo yenye miiba.

Hujaji wa miguu huhitaji kitu cha kumtambulisha njiani: ametoka wapi, ametumwa na nani, anastahili kulazwa katika ukumbi wa parokia asiyoijua. Ulaya ya kale alipewa barua na paroko au askofu wake. Wahispania huita karatasi hiyo credencial, na mzizi wake wa Kilatini ni kuamini. Ni karatasi inayoomba uaminiwe. Tuna nini sisi?

Tuna kitambulisho. Kwa mzizi wake hakina ubaya: kutambua ni kufahamu, kutambulisha ni kumfanya mtu afahamike. Lakini Kenya kitambulisho ni kile kimoja cha serikali, kinachoombwa benki, hospitalini, getini na kwenye kizuizi cha polisi. Na nyuma yake kinasimama kingine, ambacho wazee wa Kirinyaga na Nyeri hawahitaji kukumbushwa: kipande.

Kipande ni neno dogo, kisehemu cha kitu. Sheria ya 1915 ya kuwaandikisha Waafrika, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume abebe karatasi yenye jina lake, alama za vidole na kumbukumbu za ajira yake, ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wapo Wakikuyu waliokiita mbugi, kengele anayofungwa mbuzi. Jina hilo lilisema yote: aliyekuwa mchungaji amekuwa mfugo. Mpaka leo wako wanaosema kipande wakiwa na maana ya kitambulisho cha kawaida, ulimi umezoea na jeraha limefunikwa.

Kisha pasi. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hawakuweza kutoka eneo lao bila pasi. Chini kidogo ya Kutus ni Mwea, palipokuwa na kambi za kizuizi za Thiba, Gathigiriri, Kandongu na nyinginezo, na mpunga unaoliwa leo ulianza katika mifereji ambayo mahabusu walishiriki kuichimba. Katika bonde hilo, kumpa mtu karatasi ya kumruhusu kutembea na kuiita pasi ni kusahau mahali uliposimama. Najua vijana watasema pasi ya hija kwa ulaini wote, na pasi ni neno fupi, linapendeza kusema. Kwangu mimi lisitumike Kirinyaga. Kwingine waamue wenyewe.

Kibali na ruhusa yana kasoro ile ile kwa kiasi kidogo. Mzizi wa kibali ni kukubali, nao ni mzizi mwema, ila matumizi yamelipeleka dirishani: kibali cha ujenzi, kibali cha mkutano, kibali cha kupanda mlima. Anayekwenda kileleni kupitia Naro Moru, Sirimon au Chogoria hulipa getini na kupewa ruhusa, na ni sawa, kwani hifadhi ina mwenyewe. Hija haina geti.

Cheti ni mgeni kutoka Kihindi, barua ndogo, kijikaratasi cha kuandikiana. Zamani lilikuwa neno jepesi sana, na sasa limekuwa zito: cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha ndoa, cha kifo. Maisha yote ya Mkristo yamo ndani ya vyeti vinne. Hujaji akipewa cheti kabla hajatembea, amepewa tuzo ya kazi asiyoifanya. Tuliweke kando.

Stakabadhi ninalipenda kwa sauti yake. Ni ndugu wa kukabidhi na makabidhiano, mzizi wa kushika mkononi. Ndiyo risiti ya Kiswahili fasaha. Mtu anayetaka kuita hivyo kila muhuri anaopokea njiani ana hoja, kwani kila kituo kinamkabidhi kwa kinachofuata. Lakini dukani limeshafungwa pamoja na mizani na bei.

Hati za utambulisho ndilo jina rasmi lililokaribia. Redio ikitangaza kwamba balozi mpya amewasilisha hati za utambulisho kwa Rais, ni wazo hilo hilo: mtu ametoka kwao, ameleta karatasi inayosema aaminiwe. Hati limetoka katika neno la Kiarabu la mstari na mwandiko wa mkono, na sidhani kuna asili inayoifaa zaidi njia ndefu kuliko mstari. Napenda pia kumwona mkulima wa mpunga akipewa heshima ya balozi. Tatizo ni urefu wake, na utambulisho bado unaburuta kitambulisho nyuma.

Basi nikaitazama Tanzania. Pasipoti wao wanaiita hati ya kusafiria. Hati, na kitenzi katika kauli ya kutendea: ya kusafiri nayo. Badilisha kitenzi tu: hati ya kuhijia. Kila mwenye Kiswahili ataelewa mara ya kwanza anapolisikia, na hiyo ndiyo alama ya istilahi njema. Halijasema ruhusa, halijasema ukaguzi. Linasema ni karatasi ya kufanyia hija.

Na lina siri nyingine ndani. Waislamu husema kumhijia mtu, yaani kumfanyia hija asiyeweza tena: mzazi aliyefariki, mgonjwa asiyeinuka. Kauli ya kutendea inabeba yote mawili, kifaa na mtu unayemtendea. Katika safu ya wanaotembea kwenda Gikondi wapo wanaobeba maombi ya mtu aliyebaki kitandani. Jina la karatasi yao limeshawatambua, wakijua wasijue.

Sasa muhuri. Hati bila muhuri ni daftari. Neno ni la Kiajemi, limepita kwa Waarabu likafika kwetu. Ofisi zetu hugonga muhuri, na kitenzi hicho kimechaguliwa na watu wenyewe kwa kusikia mlio: mti juu ya meza. Wengine huandika mhuri ili uingie vizuri katika ngeli ya mti na miti, na wingi wake uwe mihuri. Mimi huandika muhuri na kusema mihuri katika wingi, na sigombani na anayeandika tofauti. Ninachopinga ni stempu. Stempu ni ya posta, hulambwa ikabandikwa. Anayesema "nimepigwa stempu mbili kwa siku" amechanganya bahasha na mwandikaji.

Chapa ni la Kihindi pia, na lingefaa lisingekuwa na mikono mingi: kuchapa kitabu, kuchapa kazi, kuchapa mtu. Alama ni jirani mwema zaidi. Limetoka mzizi wa elimu na mwalimu: kinachokujulisha. Nyeri kuna alama moja inayojulikana duniani, duara lenye nukta katikati juu ya kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Kwa skauti ni alama ya njia, maana yake amekwenda nyumbani. Maskauti hufika hapo kumzuru kama mahujaji walivyo. Nadhani tuseme hivi: muhuri hugongwa kwenye hati, alama huwekwa njiani. Jiwe lililopakwa chokaa penye njia panda ya Kagumo litakuwa alama. Parokia ikikugongea karatasi, umepata muhuri.

Kituo halihitaji utetezi, lakini nani leo anasikia tua ndani yake? Kutua ni kushusha mzigo. Kituo ni pa kutulia mzigo, na kabla ya mabasi na polisi kulichukua, lilikuwa la wapagazi. Lirudishwe kwa watembeao.

Wapagazi wananiletea kirangozi. Katika misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda bara, kirangozi ndiye aliyetangulia akiijua njia, visima na wenyeji. Kiongozi wa hija ya miguu leo tunamwita kiongozi, jina moja na la gavana na la kwaya. Kirangozi ana vumbi miguuni. Sista Irene angelielewa: alifika nchi hii mwaka 1915, akatumwa kuwauguza wapagazi wa vita, Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, na kutoka 1920 hadi kifo chake akawa Gikondi, akipita kijiji baada ya kijiji kwa mguu. Neno la wapagazi kumwongoza hujaji wake ni haki tupu.

Limebaki la mwisho: karatasi ya aliyefika. Watu wa Santiago wanaiita kwa jina la mji wao, Compostela, na mahujaji wa miguu wa Roma hupewa Testimonium, ushuhuda. Kutus ni mji wa chuo kikuu na shahada hapo ni digrii, joho na kofia. Lakini shahada, shahidi na ushuhuda ni mzizi mmoja, wa kuona kwa macho yako na kusema. Shahidi mahakamani ameona. Shahidi wa Namugongo, kati ya wale waliouawa 1885 hadi 1887, ameona na akafa kwa alichokiona. Tunasema Mashahidi wa Uganda, na Kiswahili hapo kimetangulia mbele ya lugha nyingi kwa kutolisahau jicho ndani ya kifo. Hati ya ushuhuda, basi. Nimepima cheti cha hija nikakiona hakitoshi: cheti humsifu mwenye nacho, na ushuhuda humtaka aseme alichoona.

Istilahi haijulikani kwa ubishi wa walinzi wa lugha, hujulikana ikisomwa na katibu wa parokia mbele ya watu wenye haraka ya kwenda sokoni. Nimeyapanga maneno yetu katika tangazo kama hilo. Mwenye bora zaidi alifute langu aandike lake.

"Hija ya miguu ya Gikondi. Ondokeo ni uwanja wa kanisa, Kutus, alfajiri. Wazee na wagonjwa watakuwa na ondokeo lao Karatina. Hati za kuhijia zitatolewa na katibu baada ya misa. Wanaomhijia mgonjwa waandike jina lake ukurasa wa pili. Muhuri wa kwanza utagongwa kwenye ondokeo, mingine katika vituo vya Kerugoya, Kagumo na Karatina. Fuateni alama nyeupe na msimpite kirangozi. Baada ya kuzuru, kila aliyefika atapewa hati ya ushuhuda. Leteni maji."